Gamba Lisilokamilika: Dawa za Kuzuia Ukuaji wa Nzige na Pwani ya Cabo Delgado

Katika vijiji vilivyo kati ya mdomo wa mto Ruvuma na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, nyumba moja hula shambani na baharini kwa wakati mmoja. Nyuma ya mikoko kuna mpunga wa mabondeni, mtama, mihogo, minazi na mikorosho. Mbele yake, maji yakitoka siku za bamvua, wanawake huteremka kutafuta kaa, kombe na pweza, na wavuvi huvua kamba karibu na vijito. Kwa watu hawa swali la dawa ya nzige lina uzito ambao mkulima wa bara haujui. Tunutu, yaani nzige wachanga wasioota mabawa, na kamba wa mikokoni hujenga magamba yao kwa mali ghafi ileile, kaitini, na hujivua magamba hayo kwa amri ya homoni za ukoo mmoja. Dawa inayovuruga ujenzi huo mwilini mwa nzige haimbagui kamba.

Dawa zenyewe huitwa vidhibiti vya ukuaji wa wadudu. Zinasifiwa sana, na sifa nyingi zinastahili. Kwa binadamu, ng'ombe na kuku hazina sumu kali kama viuatilifu vya fosfeti ambavyo ndivyo vilivyomwagwa kwa wingi katika vita vya nzige Afrika Mashariki. Lakini sifa hiyo imewafanya wengi waridhike na neno "salama" bila kuuliza salama kwa nani, na lini. Jibu linapatikana kwa kutazama dawa inafanya nini ndani ya mwili wa nzige, kuanzia kiungo hadi seli. Huko ndiko kulikojificha sheria zote za matumizi yake: kwa nini haifai kwa nzige wanaoruka, kwa nini inachelewa kuua, na kwa nini haipaswi kusogea karibu na mikoko.

Pwani hii si chimbuko la nzige. Nzige wekundu, ambao ndio tishio la asili la ukanda huu, huzaliana katika mabonde machache yanayofurika: Rukwa, Iku-Katavi, Malagarasi na Wembere nchini Tanzania, Mweru wa Ntipa na tambarare za Kafue nchini Zambia, nyanda za ziwa Chilwa huko Malawi, na kwa Msumbiji, mabonde ya Búzi na Gorongosa katika mkoa wa Sofala. Kati ya 1930 na 1944 wimbi lililoanzia Mweru wa Ntipa na Rukwa lilitapakaa karibu Afrika yote iliyo kusini mwa ikweta. Baada ya janga hilo, mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala. Mrithi wake ni shirika la IRLCO-CSA, lililoanzishwa kwa mkataba wa 1971, lenye makao yake Ndola, na Msumbiji ni mwanachama. Kazi yao imekuwa kuwadhibiti nzige kwenye mazalio kabla hawajaruka. Ikiwa pwani ya Cabo Delgado imekaa miaka mingi bila kuona mbingu ikitiwa giza na nzige, sababu mojawapo ni kazi iliyofanywa mamia ya kilomita kutoka hapo.

Ulinzi huo si wa milele. Mwaka 2009 nzige wekundu walifurika tena Iku-Katavi, Rukwa na Malagarasi, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likasaidia kunyunyizia takriban hekta 10,000 kwa kuvu anayeua nzige, Metarhizium. Kisha ukaja mlipuko wa nzige wa jangwani wa 2019 hadi 2021. Chanzo chake kilikuwa vimbunga viwili vya 2018, Mekunu na Luban, vilivyomwaga mvua katika jangwa la Rub' al-Khali, upande wa Oman, nzige wakazaliana huko vizazi kadhaa bila mtu kuwaona. Desemba 2019 makundi yakavuka kuingia Kenya, na baadaye yakafika kaskazini mwa Tanzania. Mtu wa Cabo Delgado anajua kimbunga ni nini. Kenneth kilipiga pwani yake tarehe 25 Aprili 2019. Mvua ya ghafla mahali pasipofikika ndiyo mwanzo wa nzige, na mahali pasipofikika siku hizi ni pengi.

Sasa tuingie ndani ya mdudu. Tunutu hakui kidogo kidogo kama mtoto. Gamba lake halitanuki, hivyo kila anapotaka kuongeza mwili hana budi kulivua gamba zima na kutokea na jipya. Nzige wa jangwani hufanya hivyo mara 5 tangu hatua ya kwanza hadi kuota mabawa kamili. Nzige mwekundu huweza kufika mara 6 au zaidi. Kazi hii hufanywa na tabaka moja tu la seli za ngozi lililo chini ya gamba. Homoni ya kuvua gamba, ekdisoni, inapopanda katika damu, seli hizo hujitenga na gamba kuukuu, huongezeka, kisha hutoa majimaji yenye vimeng'enya vinavyoyeyusha tabaka za ndani za gamba hilo. Mdudu anajirudishia mali yake mwenyewe. Wakati huohuo seli zilezile zinatandika gamba jipya: kwanza utando mwembamba wa nje usio na kaitini, halafu, chini yake, tabaka nene la nyuzi za kaitini zilizofungamana na protini.

Siku inapofika, tunutu huacha kula, hupanda kwenye bua la jani na kuning'inia kichwa chini. Anameza hewa, anajaza utumbo, anasukuma damu kuelekea kifuani, mpaka gamba kuukuu linapasuka katikati ya mgongo. Kifua hutangulia, kichwa kinafuata, halafu miguu ya nyuma huchomolewa taratibu ikiwa bado laini. Ni muda wa hatari kuliko wote katika maisha yake. Hata baada ya kutoka, kazi haijaisha: seli za ngozi huendelea kuongeza tabaka za kaitini kwa siku nyingi, na A. C. Neville alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba tabaka hizo hufuata mchana na usiku, kiasi kwamba mtu akikata mguu wa nzige na kuutazama chini ya darubini anaweza kukadiria siku zilizopita tangu alipopata mabawa.

Hapo ndipo dawa inapoingilia. Kundi mashuhuri zaidi ni benzoilurea: diflubenzuron, teflubenzuron, triflumuron. Zilipatikana kwa bahati mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara ya Philips-Duphar, Uholanzi, wanakemia walipounganisha sehemu za viuamagugu viwili wakitafuta kiuamagugu kipya. Walichopata hakikuua magugu, lakini viwavi walioonja walikufa wakati wa kujivua gamba. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba kaitini haitengenezwi, bila kujulikana dawa inagusa wapi hasa. Zilitajwa homoni, vimeng'enya, hata milango ya kemikali kwenye utando wa seli. Jibu lilikuja 2016, kundi la watafiti lilipobadilisha herufi moja tu katika jeni ya nzi wa matunda inayotengeneza kimeng'enya cha kaitini, nzi wakawa sugu kwa kiwango kikubwa. Dawa inakishika kimeng'enya chenyewe, kile kilicho kwenye ncha za vijidole vidogo vya seli ya ngozi, mahali ambapo nyuzi za kaitini hufumwa na kusukumwa nje.

Katika mwili wa nzige matokeo yake yanaonekana kwa macho. Watafiti wa Uingereza waliwalisha nzige diflubenzuron katikati ya miaka ya 1970 na kupima magamba yao. Seli za ngozi zilikuwa hai na ziliendelea kutoa protini, lakini nyuzi hazikuwepo za kuibeba. Anayejua nyumba za udongo za pwani hii ataelewa mara moja: ni ukuta uliokandikwa bila fito. Chini ya darubini, tabaka nadhifu za gamba zimetoweka, pamebaki ujiuji usio na mpangilio, na mahali misuli inaposhikamana na gamba hapana nguvu. Tunutu wa namna hiyo akijaribu kujivua, gamba jipya linachanika pamoja na la zamani. Wengine hukwama nusu nje nusu ndani, miguu ikibaki imenaswa kwenye ganda. Wengine hutoka, lakini miguu ya nyuma inajikunja au kukatika wanaporuka, na taya hazina ugumu wa kukata jani. Damu inavuja kwenye nyufa za viungo, na mdudu anakauka au anakufa njaa akiwa juu ya chakula.

Gamba, hata hivyo, haliishii nje. Mbele na nyuma ya njia ya chakula kumewekwa kaitini, na mirija ya hewa inayopenya mwili mzima imeshikiliwa na pete za kaitini. Utumbo wa kati, ambao hauna gamba, hujitengenezea utando mwembamba wa kaitini na protini unaofunga chakula na kuzikinga seli dhidi ya kukwaruzwa na majani. Mwaka 1977 ilionyeshwa kwamba nzige wanaopewa diflubenzuron hushindwa kutengeneza utando huo kama kawaida. Kwangu mimi hili ni muhimu kuliko linavyotajwa, kwa sababu linavunja dhana kwamba dawa hulala tu ikingoja siku ya kujivua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Shanxi, China, walithibitisha jambo hili kwa njia nyingine karne hii. Nzige wana jeni mbili za kimeng'enya hicho, moja ya ngozi na mirija ya hewa, nyingine ya utumbo wa kati. Walipoizima ile ya kwanza, tunutu walikufa wakijivua gamba. Walipoizima ya pili, utando wa utumbo ulipotea, tunutu wakala kidogo, wakadhoofika na kufa. Mayai nayo hayasalimiki: jike aliyekula majani yenye dawa huweza kutaga mayai ambayo vijitunutu vyake havina gamba la kutosha kutobolea ganda na kutoka.

Lakini nzige aliyekomaa mwenye mabawa hajivui tena. Mayai yake yanaweza kuharibika, utumbo wake unaweza kusumbuka, ila yeye ataendelea kuruka na kula. Hapa ndipo nadhani serikali nyingi hukosea zinapozungumzia dawa hizi kana kwamba ni mbadala wa moja kwa moja wa dawa za kuua haraka kama malathion au deltamethrin. Kundi likishatua kwenye mtama wa Palma, benzoilurea haina la kufanya. Ingepaswa kuwa imewafikia nzige hao wiki kadhaa kabla, wakiwa tunutu wadogo wanaotambaa.

Kuna kundi la pili, linaloigiza au kuvuruga homoni zenyewe. Karibu na ubongo wa nzige kuna tezi ndogo mbili zinazotoa homoni ya utoto; ikiwa nyingi, kujivua gamba huzaa tunutu mkubwa zaidi, ikipungua huzaa nzige kamili. Carroll Williams wa Harvard alitabiri katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba homoni hii ingeweza kugeuzwa silaha, na dawa kama methoprene, fenoxycarb na pyriproxyfen zikafuata. Kwa viluwiluwi wa mbu zimefanya kazi nzuri. Kwa nzige mambo ni magumu zaidi, ingawa kwa mwanasayansi yanavutia: tunutu wa kundi, ambao kawaida ni weusi na njano, hugeuka kijani wakipewa homoni hiyo, kama ndugu zao wanaoishi peke yao. Kwa jike mzima homoni hiyohiyo huamuru tishu ya mafuta itengeneze protini ya kiini cha yai na kuipeleka kwenye ovari, hivyo kuivuruga kunaweza kuharibu uzazi. Upande wa pili kuna prekosini, iliyopatikana katika mmea wa jamii ya ageratumu. Ilionyeshwa mwaka 1978 kwamba hunyausha tezi hizo ndani ya nzige, tunutu akaota utu uzima kabla ya wakati na kubaki kijeba asiyezaa. Dawa hii haikutoka maabara kuingia shambani. Na zile zinazoiga ekdisoni, kama tebufenozide, hazimgusi nzige kwa kuwa kipokezi chake hakizishiki. Hizo ni dawa za viwavi, na mfanyabiashara anayemuuzia mkulima kwa ajili ya nzige anamwibia.

Cha karibu zaidi na watu wa pwani kinaota uani. Mwarobaini uliletwa kutoka Bara Hindi ukaenea mwambao wote huu, na hakuna kijana asiyejua uchungu wa majani yake. Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, alishuhudia nchini Sudan nzige wakila kila kilichokuwa kijani na kuacha miarobaini ikiwa imesimama na majani yake. Mwaka 1968 J. H. Butterworth na E. D. Morgan, wakifanya kazi Keele huko Uingereza, walitenga kiini cha ukali huo, azadiraktini, wakitumia nzige wa jangwani kama waonjaji wao. Muundo wake ulichukua hadi 1985 kufahamika vizuri, na kuutengeneza maabara kulichukua hadi 2007. Mwili wa nzige umekuwa kitabu kikubwa cha kujifunzia dawa hii.

Na katika nzige athari zake zimeenea kuliko za benzoilurea. Kwanza nzige wa jangwani anakataa kula kwa kionjo cha kiasi kidogo mno. Akilazimishwa au akichomwa sindano, dawa huzuia homoni za ubongo zisitoke mahali zinapohifadhiwa, hivyo ekdisoni haipandi kwa wakati wake au haipandi kabisa, na tunutu anakaa hatua moja siku nyingi mpaka afe bila kujivua. Jenny Mordue na wenzake wa Aberdeen walipotazama utumbo wa kati wa nzige waliopewa azadiraktini, mwaka 1993, walikuta seli zimevimba, vifuko na mitokondria zimepanuka, misuli ya utumbo imeachana, na vikundi vya seli changa, vile vinavyozaa seli mpya kila zile kuukuu zinapochakaa, vimepungua. Utumbo wa nzige husaga nyasi ngumu mchana kutwa. Bila seli changa hauwezi kujikarabati. Katika korodani za nzige wa jangwani walikuta seli za mbegu zimekwama katikati ya kugawanyika. Hapa hatuzungumzii gamba tena. Azadiraktini inaingilia ugawanyikaji wa seli wenyewe, na ndiyo maana tishu zinazogawanyika upesi, yaani utumbo, korodani na ovari, huumia zaidi.

Ingekuwa vizuri kusema basi tumwage mwarobaini na tumalize. Jua la pwani huivunja azadiraktini ndani ya siku chache, mvua huiosha, na ubora wa mbegu hutofautiana mti kwa mti. Kwa bustani ya mboga, kwa kitalu cha mikorosho, kwa shamba la mihogo linaloliwa na panzi wale wanaonuka ambao husumbua wakulima pande zote mbili za Ruvuma, maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa ni dawa ya kweli, na mama mwenye kinu anaweza kuitengeneza bila kungoja ndege. Kwa makundi ya tunutu yaliyoenea kilomita nyingi haitoshi.

Kwa makundi hayo ndipo benzoilurea zinapong'aa, kwa mbinu inayoitwa ukanda. Tunutu wa kundi hutembea. Hivyo hakuna haja ya kunyunyizia kila hekta. Ndege au gari hutandika ukanda wa dawa juu ya majani, huacha nafasi ya mamia ya mita, kisha hutandika mwingine. Tunutu wakivuka ukanda wanakula majani yenye dawa, wanaendelea na safari, na siku za kujivua wanaanguka. Mbinu hii ilibuniwa kwa dieldrin, iliyokaa ardhini miaka na kujikusanya katika miili ya ndege na watu, mpaka Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukaifunga rasmi. Benzoilurea hudumu wiki kadhaa juu ya jani, muda unaotosha kumngoja tunutu, halafu huvunjika. Kiasi kinachohitajika pia ni kidogo: wakati fenitrothion hutumika kwa gramu 400 kwa hekta na malathion kwa gramu 925, benzoilurea huhitaji makumi machache tu ya gramu.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, Madagaska imejaribu kanda za sumu nyingine na za benzoilurea pia. Katika mlipuko wa mwisho wa miaka ya 1990 kanda zilitandikwa kwa kiuatilifu cha fipronil. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mchwa waliangamia katika maeneo yaliyonyunyiziwa, na baada yao mjusi mmoja na mnyama mdogo wa jamii ya tandraka, wote wa kisiwa hicho pekee, wakapungua kwa kukosa chakula. Katika kampeni ya 2013 hadi 2016 FAO na serikali walitumia teflubenzuron kwenye kanda pale ambapo tunutu walikuwa mbali na mashamba, na dawa za haraka pale makundi yalipokaribia mpunga. Somalia nayo, katika mlipuko wa 2020, ilijikita kwenye Metarhizium na vidhibiti vya ukuaji badala ya fosfeti. Ni maamuzi ya busara, na yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu waliowaona tunutu mapema.

Turudi ufukweni. Nzige mwekundu huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka. Hungoja kiangazi chote bila kutaga, hutaga mvua zinapoanza karibu Novemba na Desemba, na tunutu wake hukua kati ya Januari na Machi. Miezi hiyohiyo ndiyo Ruvuma na Messalo hushuka na tope hadi baharini, na ndiyo kamba wachanga wanapojificha kwenye vijito vya mikoko wakijivua magamba mara kwa mara, maana mdogo hujivua mara nyingi kuliko mkubwa. Diflubenzuron haiyeyuki sana majini. Hushikamana na majani makavu na tope, yaani hushikamana na kile hasa ambacho kaa na kamba wa mikoko hukila. Umande wa dawa ukipeperushwa kutoka ndege iliyoruka juu ya bonde la mpunga, au mvua ikiosha majani ya ukanda, njia ya kufika kwa kamba ni fupi.

Onyo la hili lipo tayari, limetoka Norwei. Huko teflubenzuron na diflubenzuron zimekuwa zikitiwa katika chakula cha samaki wa kufugwa ili kuua chawa wao. Watafiti wa taasisi ya bahari ya nchi hiyo walipowalisha kambakoche wadogo wa Ulaya chakula chenye teflubenzuron, wengi walikufa, na baadhi ya waliobaki walijivua gamba wakiwa na makucha na miguu iliyopinda. Ni ulemavu uleule wa tunutu. Samaki, kuku na binadamu hawajengi mifupa yao kwa kaitini, kwa hiyo hatari ya moja kwa moja ni ndogo. Shirika la Afya Duniani hata limepitisha diflubenzuron kwa mitungi ya maji ili kuzuia mbu. Hofu ya Ulaya imetoka kwingine: dawa ikivunjika, au chakula kikipikwa, inaweza kuzaa kloroanilini, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukaizuia isitumike kwa mazao ya chakula. Mtu aliye na njaa akiokota nzige wa kukaanga, kama ilivyo desturi katika jamii nyingi za ukanda huu, anastahili kuambiwa hivi bila kutishwa: nzige walionyunyiziwa wasiliwe, hata wakiwa wazima wanaruka, na hasa wakiwa tunutu wanaoonekana wagonjwa.

Juu ya hayo yote kuna vita. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, na hasa baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, karibu watu milioni moja waliacha nyumba zao kwa nyakati mbalimbali. Mashamba yaliyoachwa hugeuka nyasi ndefu, na nyasi ndefu ndiyo makazi ya nzige mwekundu. Bwana shamba haendi mahali ambapo barabara haina usalama. Mkulima aliyekuwa wa kwanza kusema "nimewaona tunutu bondeni" yuko kambini Pemba au Metuge. Dawa inayotegemea kumkuta mdudu katika wiki zake za utoto inahitaji macho, na macho ndiyo yaliyohamishwa. Ndiyo maana siamini kwamba Cabo Delgado ikija kupatwa itaokolewa na benzoilurea, kama hakutakuwa na mpango wa kuwasikiliza wakulima waliorudi. Kuna hatari kwamba tutaletewa mapipa kwa kuchelewa, nzige wakiwa wameshaota mabawa, halafu mapipa yabaki. Msumbiji inaijua hadithi ya mapipa yaliyobaki: mwishoni mwa miaka ya 1990 wakazi wa Matola waliungana chini ya kikundi cha Livaningo kupinga mpango wa kuchoma viuatilifu vilivyokwisha muda katika kiwanda cha saruji, na hatimaye mzigo ukasafirishwa nje ya nchi.

Wizara ya kilimo na IRLCO-CSA wakipanga kwa ajili ya pwani hii, ningeomba waanze na mambo ya kawaida. Kanda za benzoilurea zibaki bara, upande wa Mueda na mabonde ya juu ya Messalo, na zisitandikwe kwa ndege karibu na mikoko wala kwenye mito inayoingia humo. Karibu na bahari, Metarhizium itumike kwanza, maana kuvu huyo huua nzige na panzi bila kugusa kaitini ya kamba, japo naye huchukua wiki moja au mbili. Mwarobaini uachiwe bustani na vitalu, na wanawake wafundishwe kukausha mbegu kivulini ili nguvu isipotee. Vijiji vya Palma na Quionga vipewe simu na namba moja ya kupiga, na atakayeona tunutu alipwe muda wake wa maongezi. Na kabla ya tone la kwanza kudondoka, tope la vijito viwili vitatu vya Ruvuma lichukuliwe na kupimwa, kisha lipimwe tena baada ya mvua za Machi, pamoja na kamba wachanga waliovuliwa humo, ili wavuvi wawe na kipimo chao wenyewe cha kumwonyesha yeyote atakayewaambia kwamba dawa haifiki baharini.